Matofali Yenye Jicho

Jumanne, 11 Machi 2025

Mchungaji Godlisten ameniletea daftari hili, jipya, la jalada gumu. Anataka niandike historia ya jengo la kanisa letu hapa Kwa Mkole, kurasa tano tu, isomwe Jumapili ya tarehe 18 Mei jengo litakapotimiza miaka arobaini. "Wewe ndiye uliyelichora, Mwalimu, na wewe ndiye uliyelisimamia. Hakuna mwingine aliyebaki." Amekosea. Apolonia yupo. Lakini Apolonia hahesabiwi.

Kurasa za mbele nitampa yeye. Hizi za nyuma ni zangu.

Jumatano, 12 Machi

Hakuna mvua. Nyonga inauma.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeanza. Nimeandika kwamba mwaka 1984 hapa palikuwa mashamba ya mikorosho na mihogo, na kwamba kutoka Gongo la Mboto ulitembea saa nzima kwenye mchanga kabla ya kuona paa la kwanza. Nimeandika vipimo: mita kumi na nane kwa nane, madirisha sita kila upande, yaliyochongoka juu. Umbo hilo nililitoa kwenye kalenda ya wamisionari. Mafundi walikuwa hawajawahi kujenga tao, nikawakatia kalibu ya mbao moja, wakaitumia kwa madirisha yote kumi na mawili. Mlango unatazama magharibi kwa sababu mvua ya masika inapiga kutoka kusini mashariki. Ukuta wa madhabahu ndio unaoipokea.

Nimeandika pia juu ya alama. Waumini walikuwa kaya thelathini na nne. Kila kaya ilipewa mifuko miwili ya saruji ikafyatue matofali sitini nyumbani kwake, na kabla tofali halijakauka iliichora alama yake kwa kijiti ili kamati ijue limetoka kwa nani. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo hatukutumia majina. Kulikuwa na jembe, samaki, mwezi, jicho, unyayo wa kuku. Mimi ndiye niliyetunza daftari la alama. Bado ninalo.

Hapo nikaweka kalamu chini.

Jumapili, 16 Machi

Vaileth, binti yangu, amenipeleka ibadani kwa kiti cha magurudumu. Vijana walisimama mstari kuniamkia. Apolonia alikuwa getini na beseni lake la mihogo ya kukaanga. Ana miaka sabini na minane. Huingia ibada ikishaanza na kutoka kabla ya baraka. Nilimdharau leo kama ninavyomdharau kila Jumapili. Ni kazi inayotaka nguvu, na naona nguvu zinaniishia.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua ya kwanza. Daktari amesema saratani imeingia mifupani. Nilipomwuliza muda, alitazama dirishani akasema tuone masika yakipita.

Jumamosi, 22 Machi

Mchungaji anataka ukuta wa madhabahu uwekwe vigae kabla ya jubilei. Fundi anaitwa Khalfani, mtu wa Mtoni, mcheshi, mwenye mikono kama koleo. Asubuhi alianza kubandua lipu. Saa nne akapiga simu kwa Vaileth: "Sista, mlete mzee aje aone maajabu. Huku ndani kuna michoro."

Nilipelekwa. Lipu ilikuwa imetoka eneo lenye ukubwa wa mlango mzima, na chini yake yalikuwapo macho. Duara na nukta katikati, tofali baada ya tofali, kama vile ukuta umeamka.

Khalfani alipiga tindo kwenye moja. Tindo likaruka.

"Shikamoo yako nairudia mara ya pili, mzee wangu," akasema. "Mie nina miaka ishirini kwenye hii kazi. Aliyefyatua haya hakula saruji ya Mungu. Haya si mchezo, haya chuma."

Mchungaji alifungua daftari la alama nililomwazima. Akafuata kwa kidole hadi kwenye jicho, akasoma kwa sauti, kisha akanishika bega mbele ya watu wote.

"Jicho: kaya ya Mwalimu Eliaichi."

Wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa. Walidhani ni unyenyekevu.

Jumapili, 23 Machi

Baada ya ibada watu walikwenda kuyatazama macho. Apolonia alikuja nyuma yao, akafuta mafuta ya mihogo kwenye kanga, akaweka kiganja ukutani. Macho yake yana ukungu, alitumia vidole. Akafuata duara lote, akabonyeza ile nukta.

"Gaspar," alisema. Alilisema kawaida, kama mtu anayemwita mumewe aje kula.

Mama mmoja wa kwaya akacheka. "Bibi, hayo ya Mwalimu. Ya mzee wako si ndiyo yale yaliyomwua mtu?"

"Mwacheni," akasema mwingine, "kazeeka."

Wakamwondoa kwa upole, wakimshika viwiko. Alipopita mbele ya kiti changu alisimama. Nilikuwa na nafasi. Nilikuwa na pumzi ya kutosha kusema maneno matatu. Nikamwambia Vaileth, "Nina baridi, twende."

Jumatatu, 24 Machi

Basi niandike.

Mwaka ule saruji ilitoka kwa kibali, na sebule yangu haikuwa na sakafu. Katika mifuko miwili ya kanisa, mmoja niliumwaga sakafuni kwangu. Mwingine ndio uliofyatua matofali sitini. Marehemu mke wangu alisema, "Baba Vaileth, huo mchanga mtupu." Nikamwambia lipu itafunika. Alama yetu ilikuwa unyayo wa kuku. Aliuchora yeye mwenyewe, mistari mitatu, kwa kijiti cha ufagio.

Gaspar alikuwa mponda kokoto. Alama yake ilikuwa jicho. Alifyatua matofali sitini, akayamwagilia maji siku ishirini na moja kama nilivyofundisha, peke yake katika kaya zote thelathini na nne. Kila Jumamosi alikuja kazini kabla yangu. Aliniita mwalimu ingawa sikuwahi kumfundisha darasani.

Nilijua matofali yangu ni mabovu. Nilikuwa mwalimu wa ufundi, nisingeweza kutojua. Niliyaweka ukuta wa madhabahu, safu za chini, nikayachanganya na ya Gaspar ili ya kwake yayabebe. Mwezi wa nne mvua ilinyesha siku tatu. Jengo lilikuwa halijaezekwa. Siku ya tatu, saa tisa alasiri, Lusungu wa kwaya, msichana wa miaka kumi na tisa, aliwahi mazoezini akajikinga mvua nyuma ya ukuta ule.

Nilifika wakati wanamtoa. Kwenye tope niliona unyayo wa kuku kila mahali. Matofali yangu yalikuwa yamerudi kuwa mchanga, vipande tu vikibaki na mistari mitatu. Ya Gaspar yalilala pale mazima.

Sikubaki kubeba maiti. Nilikwenda shuleni, ofisini kwangu. Darasa la nne walikuwa wanaimba hesabu za kuzidisha upande wa pili wa ukuta. Nikachana ukurasa wa alama, nikaunakili upya, kaya zote thelathini na nne, wino uleule. Nilibadilisha mbili tu. Mwandiko wangu ni mzuri.

Kwa nini Gaspar? Kwa sababu hakujua kusoma. Na kwa sababu alinipenda.

Kwenye kikao cha wazee alisimama na kofia mkononi. "Mwalimu, samahani, jicho ndilo langu mimi."

Nikamwonyesha daftari. "Gaspar, unajua kusoma?"

"Sijui, mwalimu."

"Basi kaa chini."

Watu walicheka. Katika kikao cha msiba, walicheka, kwa sababu nililisema vizuri.

Walimtenga. Waliamua avunje kwa nyundo vipande vyote vya unyayo wa kuku mbele ya baba yake Lusungu, na alivivunja, akilia, akidhani labda kweli alikosea mahali. Matofali mazima ya jicho tuliyarudisha ukutani, na watu wakasema tazama kazi ya Mwalimu. Hakula tena meza ya Bwana. Alikufa mwaka 1991, pombe. Hakuna mchungaji aliyekwenda. Kaburi lake lilichimbwa na majirani Waislamu, nyuma ya nyumba yake.

Hayo ndiyo. Nimeyaandika kwa saa mbili na mkono haukutetemeka. Ningependa kusema ulitetemeka.

Jumamosi, 29 Machi

Mchungaji amekuja na mfano wa ubao. Sehemu ya ukuta haitawekwa vigae, itawekewa kioo, na pembeni ubao wa alama zote. Jicho lina jina langu. Chini kabisa: "Unyayo wa kuku: kaya ya Gaspar (ukuta ulioanguka, 1984)."

"Iko sawa, Mwalimu?"

Nikasema herufi ziongezwe ukubwa.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua tangu Jumapili. Sijala.

Ijumaa, 4 Aprili

Apolonia amekuja hapa nyumbani. Hajawahi kukanyaga mlango huu. Vaileth alimleta hadi kitandani, kanga imelowa, bakuli la mihogo limefunikwa na sahani. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekuja kuomba nafasi ya shule.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Nimesikia juu ya ubao. Wajukuu zangu wanasoma sasa. Wote wanasoma." Akaikaza kanga yake. "Nimekuja kukuomba usimwandike. Sisemi umwandike vizuri. Usimwandike kabisa. Mwache alale."

Alikuwa ananiomba mimi fadhila. Miaka arobaini na moja ameujua ukweli, vidole vyake vinaujua, na amekuja na mihogo kuniomba nipunguze uongo kidogo.

Na mimi nikamjibu hivi, nayaandika kama yalivyotoka: "Historia ni historia, Apolonia. Hatuwezi kufuta mambo kwa sababu yanatuumiza."

Akainuka. "Haya, Mwalimu. Asante." Alisahau bakuli. Vaileth alikula mihogo akasema mitamu.



Jumapili, 6 Aprili

Nimemwita Mchungaji nikamweleza yote, na nikampa barua yenye sahihi. Aliisoma mara mbili. Nilimdhania kijana mwepesi, mtu wa spika na suti. Leo nimeona ana akili kuliko mimi.

"Mwalimu, nani anajua hili?"

"Wewe."

"Basi Mungu amekusamehe na mimi nimekusikia. Inatosha." Akaikunja barua mara nne. "Askofu anakuja. Wageni wanakuja. Vijana hawa baba zao ni walevi, wanakutazama wewe. Nikiwaambia baba mwenyewe ndiye huyu, nibaki na nini?"

"Na Gaspar?"

"Gaspar amekufa, Mwalimu. Wewe bado."

Akaniombea. Akaondoka na barua.

Jumapili, 13 Aprili. Jumapili ya Matawi

Nimesema. Sikumtaarifu mtu. Walipouliza kama kuna mwenye neno, niliinua mkono, wakaniletea kipaza sauti kwa furaha. Nikasema: matofali ya jicho ni ya Gaspar. Unyayo wa kuku ni wangu. Nilibadilisha daftari. Nilimwua Lusungu.

Halafu Vaileth, kwa sauti ya kuomba radhi: "Jamani, ni dawa za maumivu. Tangu Ijumaa anaweweseka."

Watu wakapumua. Mchungaji akashuka madhabahuni, akapiga magoti mbele ya kiti changu. "Mnaona, wapendwa? Mnaona mtu mwenye haki anavyobeba hata dhambi za wengine?" Mtu akaanza wimbo. Walilia. Walipanga foleni kunishika mkono. Mzee mmoja aliniambia hajawahi kusikia mahubiri kama yale.

Apolonia alikuwa mlangoni. Hakukaa mpaka wimbo uishe.

Jumatano, 16 Aprili

Amekuja tena, safari hii bila kusubiri kukaribishwa na bila shikamoo.

"Umenichezea."

"Nilisema kweli, Apolonia."

"Ulisema ukijua hawatakuamini. Umepata kutubu na umepata makofi. Wewe mtu, hushibi?"

Nikamwambia sikujua. Nimeiwaza sentensi hiyo siku nzima na sina hakika nayo.

"Sitaki machozi yako," akasema. "Ulidanganya kwa kitu cha kushika, daftari. Nipe kitu cha kushika. Unyayo wako uko wapi tena?"

Gaspar aliuvunja wote, nikataka kusema. Kisha nikakumbuka. Mwaka ule, ukuta ulipoanguka, matofali yangu kumi na tisa yalikuwa bado hayajapelekwa kanisani. Yalikuwa yamepangwa uani kwangu. Miezi michache baadaye nilijenga chumba cha uani kwa ajili ya mama mkwe, nikayatumia chini ya dirisha, nikayapaka lipu. Ndicho chumba hiki. Kitanda changu kimeegemea hapo.

Nilimwambia. Aliutazama ukuta kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi niliyelala chini yake.

"Mwite fundi," akasema.

Jumamosi, 19 Aprili

Vaileth hakutaka. Alisimama mbele ya dirisha amefungua mikono. "Baba, mvua yote hii! Na mimi nitaishi wapi na jina hili? Umefikiria dukani kwangu nitamwuzia nani hapa Kwa Mkole?" Hapo ndipo nilipofahamu kwamba aliniamini tangu Jumapili. Mtoto wangu ndiye pekee aliyeniamini, na ndiye aliyesimama kusema ni dawa.

Nikamwambia ahame mbele ya dirisha. Nilitumia sauti ile ya "basi kaa chini." Bado ninayo. Alihama.

Walikuwapo wazee wawili wa kanisa, Mchungaji, Apolonia. Khalfani alisogeza kitanda changu hatua mbili, nikiwa juu yake.

"Mzee wangu, una uhakika? Mie nabomoa, sijengi kwa mvua."

"Bomoa."

Lipu ilitoka kwa pigo la kwanza, bamba zima. Mistari mitatu. Mistari mitatu. Mistari mitatu, mwandiko wa mke wangu. Khalfani hakutumia tindo. Alichukua bisibisi akaisukuma kwa kidole gumba ndani ya tofali, ikazama mpaka kwenye mpini. Alipoichomoa, mchanga ulimwagika kama kutoka kwenye gunia lililotobolewa, tofali la juu likafuata, na la pembeni yake, na dirisha likakaa upande. Mvua ikaingia ikanipiga usoni.

"Lahaula," akasema Khalfani. Akavua kofia, sijui kwa ajili ya nani. "Humu mchanga uliambiwa tu habari za saruji."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja aligusa unyayo, akafuta kidole kwenye suruali. Nilimwona Mchungaji anahesabu kichwani siku zilizobaki mpaka tarehe 18 Mei.

Apolonia alimwuliza swali moja: "Kaburini kwa mume wangu unakuja lini?"

Jumatatu, 21 Aprili

Turubai limefungwa ukutani. Linapigapiga. Hakuna aliyekuja kunitazama tangu Jumamosi.

Alhamisi, 24 Aprili

Hakuna.

Jumapili, 4 Mei

Mvua imepungua. Vaileth alikwenda ibadani peke yake, akarudi mapema.

Jumapili, 11 Mei

Jana Mchungaji alikwenda kaburini kwa Gaspar na wazee sita, wakasoma ibada yote ya maziko, miaka thelathini na minne baadaye, Khalfani akaweka msalaba wa zege. Sikualikwa. Leo Mchungaji ameleta nakala ya historia mpya. Ameiandika mwenyewe, na ameiandika vizuri. "Mwaka 1984 ukuta wa madhabahu ulianguka kwa sababu ya mvua kubwa, tukampoteza dada yetu Lusungu. Matofali yenye jicho, yaliyofyatuliwa na ndugu yetu Gaspar, ndiyo yaliyosimama." Ubaoni alama ni thelathini na tatu. Unyayo wa kuku haupo. Aliyechora ramani hatajwi: jengo lilisimamiwa na kamati.

"Mvua," nikasema. "Umeandika mvua."

"Mvua haina familia, Mwalimu."

Jumanne, 13 Mei

Nimemwomba Vaileth amlete Apolonia. Amekuja baada ya soko, amesimama mlangoni. Nimemwambia wameandika mvua, kwamba uongo umebaki uleule, umebadilishwa mtu tu. Kwamba yeye akikataa watamsikiliza sasa. Kwamba jina langu lazima liandikwe pale chini, na unyayo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Sijawahi kusikilizwa vile na mtu.

"Wamemwandika Gaspar?"

"Wamemwandika."

"Na yule binti?"

"Naye."

"Basi kazi yangu imekwisha." Akalivuta turubai kidogo, akachungulia nje kama kuna mvua. "Mimi nilitaka lake liandikwe. La kwako tafuta mwingine wa kukuandikia."

Nikamwuliza kama amenisamehe. Nilikuwa nimejizuia tangu mwezi wa nne nisiulize.

"Sijakuwaza," akasema. "Nina mihogo jikoni."

Jumapili, 18 Mei

Jubilei. Wamekwenda wote, Vaileth pia, amevaa kitenge kipya. Ameniachia maji, vidonge na redio. Masika yamekatika. Tangu asubuhi watu wanapita uani kwa njia ya mkato kwenda kanisani, naona viatu vyao chini ya turubai, wanapunguza mwendo wakifika hapa, kisha wanaendelea.